Kipimo ni mteja, si mapambo

Mwandishi, katika makala yako umepima chakula cha Kiasia kwa taa za mkahawa na urefu wa menyu, ndiyo maana unamtuma mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kwenye majumba ya biashara ya Westlands. Kipimo cha kweli ni mteja. Jiko linalowapikia watu waliokila chakula hicho tangu utotoni haliwezi kuwadanganya hata wiki moja, na wateja hao wako Ngara na Parklands, mitaa yenye familia za asili ya Kihindi tangu enzi za ukoloni. Na si mbali na mwanafunzi wako: wanasheria wa kesho wa chuo hicho wanasomea Parklands hukohuko liliko jumba la vyakula vya Kihindi la Diamond Plaza. Bhajia nzuri ya viazi haitaki mbwembwe: slesi nyembamba, unga wa dengu, dania ya kutosha, mafuta yaliyochemka barabara, na chatne ya nyanya pembeni.

Wenzangu mnaolalamikia bei, mna hoja mkiagiza kuku wa tandoori kila mtu na sahani yake. Lakini mengi ya mapishi ya Kihindi hayana nyama. Mchuzi wa dengu na naan chache wakichangiana watu watatu, bili inabebeka. Na kwa aliyeandika kwamba Asia si India tu, sawa kabisa, ila mfano wake wa Wachina unaipa hoja yangu nguvu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius, kituo cha lugha na utamaduni wa Kichina, mwaka 2005, ya kwanza Afrika, ilhali anayetaka chakula cha Kichina bado anaelekezwa Kilimani, wanakoishi Wachina wenyewe.