Kwa nini wenye sola pia hubaki gizani stima ikipotea

STIMA ilipopotea karibu kote nchini usiku wa Agosti 25, 2023, maeneo mengi yalipambazukiwa bila umeme. Nyumba yenye paneli za sola zilizounganishwa na gridi bila betri haikupata afueni, hata jua lilipochomoza. Sababu ni kifaa kiitwacho inveta.

Paneli huzalisha umeme wa mkondo mnyoofu, ilhali friji na televisheni hutumia mkondo geu wa volti 240. Inveta huubadilisha kwa swichi za kielektroniki zinazofunguka na kufungika kwa kasi mno, hadi mkondo ukakamilisha mizunguko 50 kila sekunde.

Inveta ya gridi hufuata mapigo ya gridi yenyewe. Yakikoma, nayo hujizima, kwani umeme unaotoka paani waweza kumuua fundi aliye nguzoni akidhani nyaya hazina moto.

Sheria ya Kawi ya 2019 iliwafungulia wenye sola mlango wa kupeleka ziada kwenye gridi ili wapunguziwe bili. Hata hivyo, nafuu ya bili si kinga dhidi ya giza. Anayetaka kinga hiyo sharti awe na betri na inveta iwezayo kujitenga na gridi, na amuulize muuzaji kabla ya kulipa.