Shemeji na Mishale Yake

Barua nyingi za safu hii huwa za simu za usiku, mawifi na mishahara. Mwezi huu nimeletewa ya mishale! Dada mmoja mzaliwa wa Ukata, kule Mbinga, anaishi na mumewe Minnesota, Marekani. Anasema bwana kapata hobi mpya, kuwinda kulungu kwa upinde. Msimu wa upinde huko hufunguliwa katikati ya Septemba, na tangu Julai akitoka kazini hata jikoni hachungulii, moja kwa moja uani kulenga shabaha. Sasa kanunua vigumba vya kuwindia, vikali kama wembe, na anataka kufanyia mazoezi hivyohivyo. "Si atumie vile vya mazoezi tu, hivi vikasubiri pori? Au ndiyo kutapanya hela?" anauliza dada.

Mdogo wangu, utanuna, lakini kwenye vigumba shemeji yuko sahihi. Kwenye muda, hapo tutagombana naye.

Iko hivi. Kigumba cha mazoezi kina ncha nyembamba ya mviringo, kinapita hewani bila matata. Cha kuwindia kina mabapa mawili au matatu ya chuma, na mabapa yale yanashika upepo kama mabawa yaliyofungwa mbele ya mshale. Manyoya ya nyuma yanataka mshale unyooke, mabapa ya mbele nayo yana mambo yao. Upinde ukiwa haujawekwa sawasawa, au mkono ukibana mshikio, mshale unakwenda pembeni. Unaweza kuvinunua vyote viwili vya uzito mmoja, tuseme greni 100, yaani kama gramu 6 na nusu, na bado kila kimoja kikaangukia pake. Kosa hilo hulijui mpaka umerusha chenyewe. Na ni afadhali ulijue Agosti.

Kwa nini nalivalia njuga? Kwa sababu mshale hauui kwa kishindo kama risasi. Unaua kwa kukata. Ukipita kwenye mapafu au moyo, damu inatoka haraka na mnyama hafiki mbali. Ukitua tumboni, kiumbe yule atahangaika saa nyingi, pengine asipatikane kabisa. Mwanaume anayekwambia "mimi fundi, nitaangalia hukohuko porini", mnyime hata maji ya safari.

Waulize Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi. Mtoto wa kiume wa Kihadzabe anachezea upinde akiwa bado mdogo kabisa. Akikua anatengeneza mwenyewe: anapasha fimbo moto, anainyoosha kwa mikono na meno, anafunga manyoya ya ndege, anaponda msumari mpaka uwe bapa. Ndege na wanyama wadogo wana mshale wao wa ncha ya mti. Wanyama wakubwa wana mshale wa chuma uliopakwa sumu, na akishapiga anasubiri, kisha anafuata nyayo. Shemeji hana sumu. Kila kitu chake kiko kwenye makali ya bapa na mahali linapotua.

Na pamoja na ufundi wote huo! Watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, waliowafuatilia Wahadzabe miaka ya 1980, waliandika mwaka 1991 kwamba mwindaji alirudi bila mnyama mkubwa karibu siku 97 katika kila siku 100 za mawindo. Kumbe chakula cha kutegemea ni mizizi na matunda yanayoletwa na akina mama. (Kina dada mnaocheka, nawasikia.) Kwa hiyo usianze kununua friza la nyama, mdogo wangu.

Sasa mapatano ya nyumbani. Mishale 60 kila jioni ni kuchosha mabega tu. Porini anapata mshale mmoja, tena mwili ukiwa wa baridi, kavaa koti zito. Basi mwambie mara tatu kwa wiki atoke asubuhi, na koti lake, arushe mmoja wa kuwindia. Wewe simama nyuma yake, kamwe si mbele wala ubavuni mwa shabaha, uandike kwenye daftari: umbali, na ulipotua. Umbali ambao mshale wa kwanza unapiga ndani ya kisahani cha chai kila siku, huo ndio mpaka wake. Hatua moja zaidi, hapigi, hata kulungu akimpungia mkono. Na daftari likae kwako! Jioni zilizobaki ni zenu.

Mengine haraka haraka. Mfuko uliojazwa matambara mabapa yataukata vipande, atafute shabaha ya sponji ngumu. Kigumba alichofanyia mazoezi kimeshapoteza makali, akitenge, cha porini kiwe kipya au kilichonolewa. Viwekwe kwenye kasha lenye kufuli, mbali na watoto, maana kukigusa tu ni kidole. Aulize pia kama mji wenu unaruhusu kurusha mishale uani, mingi hairuhusu.

Halafu dada ameandika, kwa sauti ndogo hivi, kwamba mume anatamani Desemba waje naye Mbinga akauonyeshe upinde wake porini, upande wa Liparamba. Shemeji wangu, hapana! Liparamba ni pori la akiba, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haina utani: bila leseni huo ni ujangili, na mahakama haitauliza ulifanya mazoezi wiki ngapi. Upinde uache Minnesota. Njoo Mbamba Bay, wajomba watakupa usipa na ugali, na mashua ya kwenda kutazama wavuvi usiku.