Jiwe, Kamba na Mabishano ya Darasani

Wako wazazi wengi wanaonung'unika hivi: "Nalipa karo ili mwanangu afundishwe, lakini mwalimu wake wa fizikia hafundishi. Huwapa watoto mawe na kamba, kisha huwaacha wakibishana kipindi kizima. Daftari li karibu tupu." Manung'uniko haya si ya kudharauliwa. Mtu aliyeuza ng'ombe ili alipe karo ana haki ya kuuliza fedha zake zimenunua nini. Basi juma hili natuchukue somo moja kwa mfano, tuone kinachotendeka.

Mwalimu amefunga jiwe dogo kwenye kamba na kulining'iniza. Kabla ya kulisukuma auliza: tukifunga jiwe kubwa zaidi, litakwenda na kurudi upesi zaidi, polepole zaidi, au sawasawa? Kila mwanafunzi hana budi kuandika jawabu lake kwanza. Jambo hili laonekana dogo, lakini mtu asiyeandika dhana yake kabla ya kupima atadai baadaye kwamba alijua tangu mwanzo. Wengi huandika kwamba jiwe zito litakwenda mbio zaidi.

Kisha wagawanyika makundi. Kila kundi lina kamba ya sentimita 25; walivuta jiwe kando kidogo tu, waliachilia, na kuhesabu safari 10 za kwenda na kurudi. Makundi yenye mawe madogo yapata kama sekunde 10. Kundi lenye jiwe kubwa lapata sekunde 11. Hapo kelele zaanza: "Tazameni, uzito huchelewesha!"

Mwalimu wa desturi ya zamani angesema papo hapo, "La, mmekosea," na kuandika kanuni ubaoni. Huyu auliza tu: "Kamba yenu mlipima kutoka wapi hadi wapi?" Wenzao waja kutazama, nao waona kwamba kamba ilipimwa hadi kwenye fundo, hali jiwe lenyewe lina unene wa sentimita 10. Kwa hiyo katikati ya jiwe pako umbali wa sentimita 30, wala si 25. Wafupisha kamba, wapima tena: sekunde 10. Ndipo warefusha kamba hadi mita moja, yaani mara nne, wakitazamia muda uongezeke mara nne. Waongezeka mara mbili tu, sekunde 20, na mabishano yaanza upya.

Wakulima hawatashangazwa na jambo hili. Hakuna mkulima mwenye akili anayeng'oa mahindi yake yote kwa kuwa ameambiwa mbegu mpya ni bora. Hupanda mistari michache kando ya ile ya zamani, akaita jirani, wakatazama na kujadiliana.

Hata hivyo, kushika vifaa peke yake hakutoshi. Huko Arizona, Marekani, palikuwa na mwalimu wa sekondari, Bwana Malcolm Wells, ambaye wanafunzi wake walifanya majaribio mengi. Katika miaka ya 1980 aliwapa maswali yaliyotungwa na Bwana Ibrahim Halloun na Profesa David Hestenes, maswali ya kupima kama mtu ameelewa mwendo na nguvu, bila hesabu nyingi. Matokeo yalimfadhaisha: wanafunzi wake hawakuwapita sana wale waliosikiliza hotuba tu. Mikono ilikuwa imefanya kazi, lakini fikra za zamani zilikaa pale pale, kama karani anayenakili barua safi asijue inasema nini.

Ndipo Bwana Wells na Profesa Hestenes walipotengeneza njia nyingine. Baada ya kupima, kila kundi huandika matokeo na sababu zake kwenye ubao mdogo mweupe, husimama mbele ya darasa, na kujibu maswali ya wenzake mpaka maneno yao yasimame au yaanguke. Kwa njia hiyo wanafunzi wake walifanya vizuri zaidi sana. Mwaka 1998 Bwana Richard Hake wa Marekani alichapisha hesabu za wanafunzi 6,542. Katika madarasa ya hotuba, maendeleo yalikuwa kama asilimia 23 ya yale yaliyowezekana. Katika madarasa ya vitendo na mazungumzo, asilimia 48.

Mwaka huo huo wa 1998 Kenya, kwa msaada wa Japani, ilianza mpango wa SMASSE wa kuwafunza walimu wa hesabu na sayansi kutumia vitendo, na kubuni vifaa kwa vitu vilivyo karibu pale vya dukani visipopatikana.

Njia hii ina gharama yake. Hula wakati, na darasa la wanafunzi hamsini lataka mwalimu mwenye masikio na subira. Tena mwalimu anayewaacha watoto wabishane hadi kengele, bila kuwarudisha kwenye vipimo, anastahili lawama za wazazi. Hiyo ni baraza tu, si somo la fizikia.

Kwa hiyo, mzazi, utakapokwenda shuleni, usihesabu kurasa zilizojaa. Fungua daftari, utafute mambo matatu: dhana iliyoandikwa kabla ya kupima, vipimo vyenyewe, na sababu iliyomfanya mtoto aibadili dhana yake au aishikilie. Yakiwapo, mwambie akufungie jiwe kwenye kamba, nawe umwulize kwa nini jiwe kubwa halikwenda mbio.