Msiuze Gari la Marehemu Kabla ya Kusoma Kibati

Katika mambo yanayoifikia kamati yetu baada ya maziko, kuthaminisha mali ya marehemu ndiko kwenye mivutano mingi. Thamani ya nyumba na shamba huulizwa kwa majirani. Gari kuukuu lililolala uani halimshughulishi mtu. Akija mnunuzi na kusema ni chuma chakavu, warithi huitikia. Rai yetu ni kwamba, kabla ya kuitikia, fungueni boneti.

Gari la Kijapani la zamani aghalabu lina kibati cha bati ndani ya boneti, chenye herufi na tarakimu chache. Wengine hutafuta namba ndefu ya tarakimu na herufi 17, wakiikosa hudhani gari ni la wizi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba hiyo, wala si kasoro.

Tuchukue Land Cruiser za miaka ya 1960 hadi 1984. Herufi ya kwanza hutaja ukoo wa injini: F ni petroli ya silinda sita, B ni dizeli ya silinda nne, H ni dizeli ya silinda sita. J ndiyo Land Cruiser yenyewe. Tarakimu hueleza urefu: 40 ni fupi, 43 ya kati, 45 ndefu. Basi FJ40 na BJ40 ni ndugu wa umbo moja, wenye mioyo tofauti.

Kwa Corolla, herufi ya ukoo ni E. KE70 ni Corolla yenye injini ya K, ya kizazi kilichoanza 1979. Tarakimu moja huweza kubadili kila kitu: AE85 na AE86 za mwaka 1983 zafanana kwa umbo, lakini ya pili ina injini ya 4A-GE yenye valvu 16, nayo ndiyo wanayoigombania wakusanyaji. Wapo wanaouza ya kwanza kwa jina la pili.

Katika mirathi moja yenye mayatima wawili, mnunuzi alikwisha kutaja bei ya chuma chakavu. Kijana wa marehemu akapangusa kibati, ikasomeka FJ40. Namba ikawiana na kadi ya gari na ile iliyogongwa kwenye fremu, mbele kulia karibu na gurudumu. Injini ya F nayo ilikuwamo. Mnunuzi yule akapandisha bei kabla hajaombwa. (Hatukumuuliza alijua tangu lini.)

Ikiwa fremu ni ya FJ na injini ni ya dizeli, maana yake injini ilibadilishwa. Si haramu kuliuza, ila mnunuzi aelezwe wazi, na bei ikubaliwe kwa hali hiyo.

Kibati kisisuguliwe kwa msasa, maana namba hufutika. Kitambaa na mafuta ya taa vinatosha.