Umeolewa na Chaplin au na Keaton?

Mwezi huu naomba tupumzike kidogo na habari za meseji na simu zinazofichwa chini ya mto. Tuongelee watu ambao hawakuwa na simu wala sauti, na bado dunia nzima iliwapenda. Nawazungumzia mastaa wa filamu za kimya, zile za rangi nyeusi na nyeupe, mtu anafungua mdomo na wewe husikii kitu.

Unacheka? Subiri kwanza. Ubishi mkali kuliko wote niliousikia mwaka huu haukuwa wa Simba na Yanga. Ulitokea Korogwe, mitaa ya Manundu, kwenye kikao cha maandalizi ya sendofu. Upande wa bwana harusi walikuwa wametoka Handeni, kama kilomita 65 tu, lakini si unajua wakikutana wale utani hauishi. Bajeti ilishapitishwa, watu wanasubiri pilau. Kijana mmoja akachomeka flashi kwenye televisheni, akaweka filamu ya Charlie Chaplin, eti watoto watulie.

Basi bwana, waliotulia ni watu wazima! Hakuna aliyeuliza "amesemaje huyo?" Hapakuhitajika mtu wa kututafsiria kama zile kanda za Lufufu tulizokua nazo. Bibi mmoja alisogeza kiti chake mbele kabisa, akamwambia mjukuu wake amsomee yale maandishi machache yanayotokea katikati. Filamu ikaisha, ikawekwa nyingine, na nyingine. Pilau ilipofika, kikao kilikuwa kimegawanyika vipande vinne.

Timu nne mezani

Timu Chaplin ilikuwa ya Korogwe, na wengi walikuwa akina dada. Hoja yao ilikuwa City Lights ya mwaka 1931. Sauti ilishaingia kwenye sinema, The Jazz Singer ilitoka 1927, lakini Chaplin aligoma kumpa mzururaji wake maneno. Mzururaji yule anampenda binti muuza maua asiyeona. Anahangaika mpaka anampatia pesa za kutibiwa macho, na anaishia jela kwa sababu ya pesa hizo hizo. Mwishoni binti anaona, lakini hamjui. Anakuja kumtambua pale anapomshika mkono. "Jamani," akasema dada mmoja huku akifuta macho, "mwanaume akikuangalia hivyo, meseji ya nini tena?"

Timu Keaton ilitoka Handeni. Buster Keaton, Mmarekani aliyezaliwa 1895, alisifika kwa uso usiocheka wala kulia. Kwenye Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, ukuta wa mbele wa nyumba nzima unamwangukia. Anapona kwa sababu amesimama pale pale uwazi wa dirisha la juu unapotua. Ukuta ulikuwa wa kweli, si wa maboksi. Uso wake? Kama mtu anayesubiri daladala. "Huyo ndiye mwanaume," akasema bwana mmoja wa Handeni. "Hapigi kelele, anafanya."

Vijana wa ofisini walimchagua Harold Lloyd, yule wa miwani anayening'inia kwenye mshale wa saa ya ghorofani katika Safety Last! ya mwaka 1923. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepoteza vidole viwili kwenye ajali ya mwaka 1919, na bado alining'inia. Ila mimi ninachokipenda ni sababu iliyompeleka juu. Kijana ametoka kwao kwenda mjini, anauza vitambaa dukani, lakini barua anazomwandikia mchumba zinamfanya aonekane bosi. Mchumba anafunga safari kuja kumwona. Haya, wewe unayepiga picha kwenye gari la rafiki, umejisikia?

Dada mmoja mwenye duka la vipodozi akauliza mbona mnataja wanaume tupu. Yeye timu yake ni Mary Pickford, mzaliwa wa Toronto, mwanamke aliyejua kuvutana na mabosi kuhusu malipo yake. Mwaka 1919 alianzisha kampuni ya United Artists pamoja na Chaplin, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith. Fairbanks akaja kuwa mumewe mwaka 1920, na ndoa ikavunjika 1936. "Ndoa ilikufa," akasema yule dada, "lakini jina lake halikufa." Kimya kikapita kidogo, kisha makofi.

"Mimi nimeolewa na Keaton"

Hapo ndipo utani ulipogeuka. Kulikuwa na mume na mke ambao nawafahamu, na wameniruhusu niwaandike bila majina. Mume ni mtaalamu wa kilimo, anafanya kazi Handeni. Mke ni muuguzi Korogwe. Mke akasema mbele za watu, akitabasamu nusu, "Mimi nilitaka Chaplin. Nikaolewa na Keaton."

Watu wakacheka. Mume hakucheka.

Waliowafahamu walielewa. Mama mzazi wa yule dada aliugua miezi sita, kisha akafariki. Kwa miezi yote hiyo mume alikuwa anatoka Handeni kila Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Alibeba maji, alitengeneza paa la jiko, alilipa dawa. Lakini neno "pole" halikumtoka, hata siku ya mazishi. Dada zake mke wakaanza: huyo moyo hana, huyo lazima ana mtu Handeni. Wiki ile ya kikao, mke alikuwa ameshawadokeza wazee wa ukoo kwamba amechoka, anataka kila mtu ashike njia yake.

Mume akaweka sahani chini. "Mnaijua The General?" akauliza. Ni filamu ya Keaton ya mwaka 1926. Dereva wa treni anakwenda kujiandikisha jeshini, anakataliwa, kwa sababu udereva wake una faida zaidi vitani. Ila sababu hiyo haambiwi yeye wala mtu mwingine. Mchumba wake anaamini ni mwoga, anamwambia asiongee naye mpaka avae sare ya jeshi.

"Yule dada alimhukumu kwa kitu ambacho hakuna aliyemweleza," akasema mume.

"Na wewe ulinieleza nini?" mke akauliza.

Akakaa kimya mpaka nikadhani ndiyo basi. Kisha akasema, "Mama alikuwa mama yangu pia. Ningesema pole ningelia. Nikilia mimi, wewe angekushika nani?"

Hakuna aliyegusa pilau.

Sauti ya pembeni

Nikuache hapo kidogo nikupandishe milimani. Wabishi wote wale walitaja mastaa wa Marekani, kumbe filamu za kimya zilitengenezwa hapo hapo wilayani kwao. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Vugiri ilikuwa makao ya mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Pesa nyingi zilitoka shirika la Carnegie la New York, na waliouongoza ni Waingereza wawili, Notcutt na Latham. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35, za kufundisha kilimo, afya na mambo ya pesa, zikazungushwa kwa gari Tanganyika na nchi jirani. Moja ilihusu benki ya akiba ya Posta: watu wawili wanalipwa mshahara, mmoja anafukia pesa zake nyumbani zinaibiwa, mwingine anaziweka Posta. Waigizaji walikuwa Waafrika. Notcutt na Latham walitoa kitabu mwaka 1937. Wale waigizaji wetu, hebu nitajie jina la mmoja tu.

Sasa sikia jinsi mambo yalivyofanyika. Picha zilikuwa kimya. Maelezo kwa Kiswahili na lugha nyingine yalirekodiwa kwenye santuri, ikapigwa pembeni wakati picha inaonyeshwa. Yaani unamwona mtu anatembea, anashika jembe, anageuka, lakini anayekuambia maana yake ni sauti ya mwingine. Na santuri ikiwahi au ikichelewa kidogo, macho yanaona hiki na masikio yanaambiwa kile.

Mpenzi msomaji, ndoa ngapi unazijua zinazoendeshwa na santuri ya pembeni? Mume kimya, mke kimya, na katikati shoga, wifi, mshkaji wa kijiweni wanatafsiri. "Akinyamaza hivyo ujue ana mwingine." "Mwanamke akinuna hivyo ujue kakudharau." Dada zake yule muuguzi hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na uchungu, na walijaza kimya kile kwa walichokuwa nacho. Lakini picha ilionyesha mtu anayesafiri kila Ijumaa kwa miezi sita.

Kadi ndogo tu

Sasa wewe Timu Keaton usianze kujisifu. Usije ukamwonyesha mkeo ukurasa huu na kusema "unaona, mimi natenda." Kule Manundu mke alimjibu mumewe vizuri sana: "Nilikuwa naona, baba. Lakini nilikuwa nahitaji na kusikia."

Ni yule bibi wa kiti cha mbele aliyemaliza ubishi. Akasema, "Mwanangu, hata hiyo sinema yenu isiyosema ina maandishi. Si huyu mtoto alikuwa ananisomea?"

Nimeyafikiria maneno hayo mpaka leo. Filamu zile zilikuwa na kadi. Si nyingi, na hazikuwa ndefu. Picha inasimama, maneno machache yanatokea, tunaelewa, picha inaendelea. Hakuna aliyemtaka Keaton atoe hotuba.

Kwa hiyo, kama wewe ni mtu wa vitendo, endelea na vitendo vyako, ila tia kadi. "Nimeumia na mimi." "Nakuja Ijumaa kwa sababu yako." Maneno matano yanatosha, ila yatoke kabla mwenzako hajaenda kwa wazee. Kama wewe ni Chaplin, unayelia, kucheka na kukumbatia hadharani, jaribu kumtazama mwenzako anavyofanya mambo kabla hujasema hajali. Kama wewe ni Lloyd, shuka kwenye hiyo saa, mwambie ukweli wa mshahara wako. Na Mary Pickford wangu, endelea kudai chako, mwenye kukupenda hatatishika.

Wale wawili? Hawajaachana. Hawajawa malaika pia. Mke ameniambia juzi kwamba mumewe bado haongei, ila Ijumaa akishapanda gari pale Chanika anatuma meseji fupi: "Nimetoka. Nakuwaza." Dada zake wanasema ni kidogo mno. Yeye amewaambia waache kutafsiri.

Wiki hii kaeni wawili, tafuteni filamu moja ya kimya kwenye intaneti, zimeachwa nyingi tu za kutazama bure. Mwisho wake mwulize mwenzako: kati ya hawa, mimi ni nani? Sikiliza jibu mpaka mwisho, na usikatishe.

Mpaka mwezi ujao, pendaneni.