eFootball Ilistahili Kupondwa, ila Wengi Waliiponda Bila Kuigusa

Wadau wa gemu mnaikumbuka ile wiki. Septemba 30, 2021 Konami wakaachia eFootball 2022, mrithi wa PES, gemu iliyolea vijana kibao wa Kariakoo. Muda si mrefu simu zikajaa picha za Messi na Ronaldo, sura zimepinda kama sanamu za udongo zilizonyeshewa. Kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, ikaangukia mkiani kabisa kwa kura za wachezaji. Kesho yake tu Konami wakaomba radhi.

Msimbazi nako kukachafuka. Kwenye kibanda kimoja cha gemu kuna jamaa fundi wa PES, yule ambaye kila Jumapili lazima amtie mtu tano. Akatangaza kwamba gemu mpya ni takataka. Alikuwa ameicheza? Wapi! Kaona picha kwenye grupu la WhatsApp, basi.

Ni tabia ya mtaa huu huu wenye klabu ya Simba. Mechi ya kwanza ikiisha sare, kocha mpya anaambiwa afungashe virago kabla hajaijua hata njia ya kwenda mazoezini.

Tuseme ukweli lakini. Sura zilikuwa kituko, sawa, ila sura hazifungi goli. Tatizo lilikuwa kwingine. Timu 9 tu! Master League, ambako mtu alikuwa anakesha miezi anajenga timu yake, haikuwepo. Diski hamna, ni kupakua kwa intaneti, na PS3 haikuwekwa kabisa kwenye hesabu. Sasa mchukulie mwenye kibanda mwenye PS3 zake na diski zilizochubuka, anayekula kwa hela ya mechi moja moja. Kwake mrithi wa PES hakuzaliwa kabisa. Huyo ndiye aliyekuwa na haki ya kununa, na hakuna aliyemposti.

Upande wa pili nao una lake. Gemu ilitolewa bure. Halafu Konami walikuwa wameacha injini yao ya Fox wakahamia Unreal, yaani nyumba imebomolewa mpaka msingi. Kosa lao ni kukaribisha wageni wakati fundi bado yuko juu ya paa. Toleo la 1.0.0 likaahirishwa, likaja kutoka Aprili 14, 2022, likiwa na amri mpya za kukaba na marekebisho kibao. Hapo ndipo haki ilipokosekana: waliotukana Septemba hawakurudi Aprili kuangalia. Skrinishoti zikaendelea kuzunguka zile zile.

Kuiponda siku ya kwanza ilikuwa halali, maana mwenye duka anahukumiwa kwa alichopanga rafuni, sio kwa mzigo ambao bado uko bandarini. Lakini mzigo ukishafika, ingia dukani basi uangalie.

Juni 2022 eFootball ikaingia kwenye simu, ikachukua nafasi ya PES ya simu. Yule fundi wa Msimbazi siku hizi anaicheza akisubiri mwendokasi, kainamisha shingo, bando linateketea. Ukimuuliza anakwambia bado ni takataka, pasi zake nzito, kipa hatoki. Angalau sasa anaisema akiwa ameishika.