Senta au Fowadi? Swali la Tim Duncan

Katika mtaa wetu wa West Indies, hapa Eldoret, ungalipo ubishi juu ya mwana wa visiwa vya West Indies vyenyewe: Je, Tim Duncan, mzaliwa wa St. Croix aliyestaafu mwaka 2016, alikuwa senta au fowadi?

Wanaomwita fowadi hukumbusha kwamba ubingwa wa 1999 na wa 2003 aliupata ubavuni mwa David Robinson, aliyekuwa senta hasa. Wanaomwita senta hujibu kwamba Robinson alipoondoka, Duncan ndiye aliyekuwa nguzo ya San Antonio Spurs chini ya kikapu. Na katika kikosi bora cha NBA cha mwaka 2013 aliorodheshwa kama senta.

Kwa maoni yangu, nafasi hutajwa kwa kazi, si kwa kimo. Kwa kipimo hicho, Duncan alianza akiwa fowadi, akamaliza akiwa senta.

Sisi walimu tulizingatie hilo. Mwanafunzi mrefu akisimamishwa chini ya kikapu tangu siku ya kwanza, atajifunza lini kuudunda mpira na kulenga kwa mbali? Na apitishwe kwanza katika nafasi zote. Jina litafuata baadaye.